Turudishieni Hasara Yetu

4 Februari

Mume wangu mdogo,

Hujambo huko ulikojificha? Mimi mkeo mzee sijambo. Meno ni yale yale uliyoyaacha, hakuna lililohama. Mama yako ni mzima, analalamika kuwa umekonda kwenye ile picha. Nimemwambia hujakonda, ni shati limenenepa. Mbuzi wetu mwizi amezaa mapacha, na wote wawili wameshaanza tabia za mama yao. Jirani yangu mfinyanzi anakusalimu, anauliza kama watu wa mjini bado wanakunywa maji ya mtungi au wameshaharibika kabisa.

Goti langu halina neno.

Sasa nina swali dogo. Si langu. Kuna mtu hapa kijijini kaniuliza, nami nikaona nikupelekee wewe unayekaa darasani kwa sheikh kila Jumamosi. Mtu huyo anachukua ukindu na rangi dukani kwa mkopo, anasuka mikeka, akishauza analipa. Mwenye duka haongezi hata senti. Anasema waziwazi, "Mimi ni Muislamu, riba siili." Ila siku ya kulipa anautazama ule mkeka mzuri kuliko yote, anaupapasa kama anapapasa shavu la mtoto, kisha anasema, "Zawadi ni hiari yako, bibi." Ukiondoka bila kutoa, safari ijayo utaambiwa rangi imekwisha, na huku kopo la rangi linaonekana nyuma ya mgongo wake. Katika kila mikeka mitano, mmoja unakwenda kwa hiari. Hata jina tumempa, Bwana Hiari.

Swali la huyo mtu: zawadi ya namna hiyo ni zawadi?

Jibu upesi, maana huyo mtu amebakiza mkeka mmoja amalize kumi.

Mkeo mzee


26 Februari

Kwa bibi yangu, mke nisiyeweza kumwacha,

Shikamoo. Barua yako imenifikia nikiwa mzima, na shati langu linakusalimu. Mwambie mama nakula vizuri. Mwambie mfinyanzi kuwa huku watu wanakunywa maji ya chupa na wanalipia, acheke mpaka achoke.

Mimi nina habari njema. Nimeacha kibarua kwa yule fundi wa sofa, nimefungua karakana yangu mwenyewe. Ni chumba kimoja, mlango wa bati, kufuli mbili. Ndani kuna cherehani kubwa ya kushonea ngozi na vitambaa vizito, mpya, bado inanuka mafuta ya kiwandani. Ilivyopatikana ni habari ndefu, tuiache.

Kuhusu swali la huyo mtu. Nilimuuliza sheikh, akalijibu hata sijalimaliza. Mkopo wowote ukishafungamana na faida ya mkopeshaji, faida hiyo ni riba, hata uivalishe kanzu na kilemba uiite zawadi. Anayekopa akipenda mwenyewe kurudisha shukrani, bila kuombwa, bila desturi ya kutarajiwa, bila kuogopa kunyimwa kesho, hapo hakuna ubaya. Lakini jicho la kupapasa mkeka nalo ni sharti. Mwambie huyo mtu asikanyage tena kwenye duka hilo. Mtu mzima anayejua dini hawezi kuingia mtego kama huo akiwa macho.

Na je, mwenye duka huwaita wateja wake wote "bibi"? Nauliza tu.

Mjukuu wako


21 Machi

Mume wangu msomi,

Salamu zako zimefika, pamoja na mahubiri yake. Sote wazima. Mama yako ameipeleka habari ya karakana kila nyumba, na nyumba nyingine mara mbili. Goti langu ni zima kabisa.

Haya, mtu mwenyewe ni mimi. Usijitie kushangaa.

Barua yako niliisoma mara tatu, nikampelekea imamu. Imamu akasema ndivyo, lakini Bwana Hiari akiulizwa anaapa kuwa hajawahi kumdai mtu zawadi, na kweli hajawahi kutamka. Nikamwambia imamu, "Basi tumwamini. Njoo dukani siku ya soko, uje umwombee dua."

Nikazunguka kwa mafundi wenzangu. Siku ya soko, duka limejaa watu mpaka nje, nikaingia mbele, nikalipa deni langu la ukindu na rangi hadi senti ya mwisho, nikapaza sauti: "Enyi watu! Huyu ndugu yetu anatukopesha bila riba, na zawadi kwake ni hiari. Nani aliwahi kuona wema kama huu? Leo tumekuja kumshukuru kwa hiari zetu!" Nikapiga kigelegele. Bwana Hiari akatabasamu, akapangusa meza kwa kiganja.

Nikamkabidhi zawadi yangu. Mkeka, rangi tatu, ukingo wa kusokota, kazi safi. Ukubwa wake ni wa kumlaza paka, tena paka aliyejikunja.

Mfinyanzi akamletea chungu kinachoingia kwenye kiganja. Mhunzi akamletea msumari mmoja, ameung'arisha, ameufunga kwenye kitambaa. Mchonga vinu akaleta mchi mrefu kama kidole. Tulikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja akitoa anasema, "Kwa hiari yangu kabisa!" Watu sokoni wakaanza kuitikia, "Kwa hiari!" Angesema ni ndogo, angekuwa amekiri kuwa kuna kipimo. Akaweka vyote mezani, jasho linamtoka, huku imamu ameinua mikono anamwombea Mungu amzidishie.

Nimecheka mpaka mbavu zimeniuma siku mbili.

Mkeo, mtu mmoja


28 Aprili

Mume wangu,

Umekufa? Kama umekufa niandikie, nijue.

Sisi tu hai, ila kicheko kimetutokea puani. Bwana Hiari hakopeshi tena mtu. Ukindu hakuna, rangi hakuna, makaa ya mhunzi hakuna. Kopo halifichi siku hizi, ameliweka mbele kabisa, na bado anasema imekwisha. Kwa mfinyanzi wanapika mara moja kwa siku, na yeye ananiambia eti wamegundua kuwa chakula cha mchana kinaleta usingizi. Hajanilaumu, na hicho ndicho kinachoniuma. Ningelaumiwa ningejitetea.

Mzaha ulikuwa wangu, njaa ni ya kila mtu. Una akili yoyote huko?

Mkeo


12 Mei

Bibi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya na kwa karatasi hii ya nusu, nyingine zimeisha. Nimekuwa na kazi nyingi. Mimi mzima.

Mzaha wako nimeusimulia hapa, watu wamelia kwa kucheka. Lakini barua yako ya pili imeninyima raha. Ningetuma kitu, ila mwezi huu kuna mambo madogo madogo, na mwezi ujao pia.

Nilichonacho ni wazo. Msikusanye pesa, kwa kuwa hamna. Kusanyeni vitu. Kila mwenye tita moja la ukindu la ziada, kila mwenye gunia la makaa, alete pahali pamoja. Anayekwama akope tita, akishauza arudishe tita, la aina ile ile, bila nyongeza. Huo ndio mkopo mwema, na dini imeusifu.

Nisamehe, naharakisha.

Mjukuu wako


3 Juni

Mume wangu,

Tunakusalimu sote kwa jina la Kikapu. Ndilo jina letu. Mama yako ni mzima. Mapacha wa mbuzi wamekula kitabu cha imamu cha mahudhurio ya madrasa, kwa hiyo mwezi mzima hakuna mtoto aliyekosa.

Wazo lako limefanya kazi. Vitu tunavihifadhi kwangu, chumba cha nyuma, kwa sababu mimi ndiye ninayeshinda nyumbani. Siku ya kwanza tulipata matita kumi na saba ya ukindu, makaa magunia mawili, udongo wa mfinyanzi, na makopo mawili ya rangi tuliyoichemsha wenyewe kwa magome. Rangi yetu ni ya kahawia, na ikikosewa ni ya kahawia pia.

Masharti ni makali. Ukikopa tita unarudisha tita. Siku ya kurudisha ni marufuku kuja na kitu kingine mkononi, hata ndizi. Mfinyanzi alikuja na ndizi. Tulimsimamisha mlangoni, tukamwambia azile zote pale pale kabla hajaingia. Alizila saba, na ya nane akalia. Kwake sasa wanapika mara mbili, ila ndizi hataki kuzisikia.

Wiki iliyopita kaja mke wa Bwana Hiari, kajifunika mpaka pua. Yeye husuka vipepeo vya kupepea moto. Nikamuuliza, "Wewe unakopa kwetu, na mumeo ana duka?" Akasema, "Bibi, hata mimi mume wangu huniambia ni hiari yangu." Tukampa matita mawili.

Sasa tuzungumze, mimi na wewe.

Ile nusu karatasi yako ilikuwa na maandishi upande wa pili. Ulichana, lakini hukuchana vizuri. Nimesoma: "cherehani", na "awamu tatu zilizochelewa", na "nyongeza kwa kila siku", na "siku kumi na nne". Mimi shule yangu ni ile ya watu wazima ya jioni, lakini hapo sikuhitaji miwani.

Mtu mzima anayejua dini, ulisema. Akiwa macho.

Naingoja ile habari ndefu.

Mkeo


22 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo, na naomba barua hii mama asiione.

Habari yenyewe si ndefu. Kuna kampuni ya mikopo, vijana wenye tai, walipita karakana kwa karakana. Walisema unalipa kidogo kidogo. Nikatia saini mahali pote waliponyooshea kidole. Kidogo kidogo yao ilikuwa inaongezeka hata nikiwa nimelala. Nilikwenda darasa la Jumamosi nikauliza swali lako, sheikh akalijibu, na kila neno lake lilikuwa likinipiga mimi kofi. Nikakuandikia yale mahubiri kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumhubiria.

Wiki tatu zilizopita walikuja na mkokoteni, wakaichukua cherehani. Yote niliyokwisha kulipa yamekwenda nayo. Jirani yangu fundi viatu alitoka nje akaniuliza, "Inakwenda kutengenezwa?" Nikamwambia ndiyo. Kila siku ananiuliza kama imepona.

Nimerudi kwa fundi wangu wa zamani, nashona kwa mkono. Chumba bado ni changu mpaka mwisho wa mwaka, kodi nilishalipa. Kina kufuli mbili na hakina kitu.

Haya, nimevuliwa nguo. Sasa zamu yako. Tangu nipate akili, bibi, ukindu unakwenda kuukata mwenyewe bondeni, na unarudi na mzigo kichwani ukiimba. Hujawahi kununua hata jani. Umeanza lini kukopa dukani? Na kwa nini kila barua unaniambia habari za goti nisilouliza?

Mjukuu wako


15 Julai

Mume wangu,

Pole. Nimeiweka barua yako ndani ya chupa ya chai isiyotumika, mama yako haifungui kamwe.

Goti ni bovu. Tangu mwaka jana. Bondeni siwezi kushuka, na nikishuka sipandi. Niliogopa ukijua utaacha kazi uje kunibeba mgongoni, na mimi sipendi kubebwa na mwanamume anayenuka gundi. Umeridhika? Sasa tumeshaonana utupu, tuendelee.

Nilipeleka shida yako kwenye Kikapu. Sikutaja jina. Nikasema kuna mtu mmoja mjini. Wote wakasema, "Mjukuu wako ana nini?" Hawa watu hawana adabu.

Hatuna pesa za kukukopesha, na tita la ukindu halishoni sofa. Mhunzi ndiye aliyesema, "Yeye ana chumba mjini hakina kitu, sisi tuna vitu havina chumba." Tukamwita imamu. Akakuna kidevu, akasema jambo hili lina jina lake, mudharaba: sisi tunatoa mtaji, wewe unatoa jasho. Mzigo uthaminiwe kwanza mbele ya mashahidi. Faida ikipatikana, mafungu mawili yetu, fungu moja lako. Hasara ikitokea bila uzembe wako, mali iliyopotea ni yetu, na wewe umepoteza jasho lako. Kubishana juu ya mafungu kulichukua alasiri mbili. Mama yako alikuwa anakutetea, nikamtoa nje.

Ndiyo, mama yako anajua. Si mimi, ni mfinyanzi.

Mzigo unaondoka Jumatatu: mikeka thelathini, vikapu ishirini, mitungi kumi iliyofungwa kwa nyasi. Mitungi inatoka kwa mtu aliyekonda ili kuifinyanga, ivunje uone. Rangi si ya kahawia peke yake tena. Bwana Hiari kaona duka linanuka vumbi, sasa anatuuzia rangi kwa pesa taslimu, na kapunguza bei.

Fungua hizo kufuli.

Mkeo


30 Septemba

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo, na nawasalimu Kikapu kizima mmoja mmoja. Mimi mzima wa kweli safari hii.

Mzigo wa kwanza umekwisha wote. Mitungi ya mfinyanzi ilikwisha kabla ya mikeka. Mwanamke mmoja mwenye hoteli alinunua minne akaipanga mlangoni, na wageni wake wakaja kuulizia. Mkeka mmoja niliukata nikafunika nao kiti cha mbao badala ya kitambaa, kwa majaribio. Kilinunuliwa kabla gundi haijakauka. Nina oda ya viti sita. Kwa fungu langu nimenunua cherehani ya mtumba, ya miguu, nzee kuliko mimi, kwa pesa mkononi. Fundi viatu kaniambia, "Imerudi, lakini wameizeesha."

Mtaji wenu na mafungu yenu mawili ya faida nimevituma kwa dereva wa lori, pamoja na karatasi ya hesabu.

Lakini mzigo wa pili mlionitumia baada ya ule, bibi, umepata ajali. Mvua kubwa ilinyesha kwa upepo. Mikeka nilikuwa nimeiinua juu ya mbao na kuifunika turubai, kama inavyotakiwa, lakini bati la paa liling'oka. Nilipofika asubuhi mikeka kumi na sita ilikuwa inaelea, rangi zimeingiliana. Nilikaa chini palepale kwenye maji. Niliona mikono yenu yote.

Msihuzunike. Hamtapoteza kitu. Nitailipa yote kutoka mfukoni mwangu, bei ile ile tuliyothaminisha, na ndani ya bahasha hii nimeweka malipo ya kwanza. Nisameheni.

Mjukuu wako mwenye aibu


14 Oktoba

Wewe mtoto,

Salamu hupati. Habari za nyumbani utaziulizia mahali pengine.

Nani kakuomba ulipe? Imamu kasoma barua yako mbele ya watu, akafika pale "hamtapoteza kitu", akaivua miwani. Akasema ukitudhamini mtaji wetu, basi hatukufanya ushirika na wewe, tulikukopesha. Na yale mafungu mawili ya faida tuliyokwisha kula yatakuwa riba. Mhunzi akashika tumbo kama yanaweza kutoka. Unataka kutugeuza sisi tuwe vijana wenye tai?

Bati uling'oa wewe? Turubai si uliweka? Basi. Hasara ile ni yetu, tulikubaliana mbele ya mashahidi, na tunaitaka. Turudishieni hasara yetu, wewe na bahasha yako. Pesa nimeifunga humu, ihesabu mbele ya dereva, na usituletee tena ujinga.

Baada ya hapo tuliketi kugawana. Kazi haikuwa rahisi. Mikeka kumi na sita, wasukaji tuko sita, kila mtu miwili, na minne ikabaki inagombewa. Huyu anasema wake ulikuwa na rangi nne, kwa hiyo hasara yake ni kubwa zaidi na asipunjwe. Yule anasema wake ndio ulioelea mbele. Mke wa Bwana Hiari, ambaye mkeka wake ulikuwa wa kwanza maishani na ulikuwa umepinda, alitoa machozi ya fahari kusikia umeorodheshwa. Tukagawana mpaka nusu nusu, na mama yako akatupikia chai, na sijui lini kumewahi kuwa na kelele za kucheka namna ile ndani ya nyumba hii.

Mfinyanzi peke yake alikuwa amenuna kwenye kona. Nikamuuliza, "Una nini, na mitungi yako yote imeuzwa?" Akasema, "Ndiyo hiyo. Nyote mliopeleka mzigo mna hasara, mimi sina. Mnanionaje, mgeni?" Tulimbembeleza, hakukubali. Mwisho nikamkatia nusu mkeka katika fungu langu, imamu akaandika. Alikwenda nayo nyumbani, hasara yake ya nusu mkeka, kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi.